Ngano Iliyooteshwa Gizani

Madaftari ya Épiphanie Mukamurenzi yaliteketea katika vita vya Rwanda vya mwaka 1994, pamoja na kazi yake ya miaka mitatu. Mwaka 1998, akiwa mwalimu wa biolojia Gisenyi, aliamua kuianza upya. Waliomshauri aiache aliwasikiliza, akawashukuru, kisha akapanda milimani, Bugeshi, kununua mbegu za ngano.

Alichokitafuta hakionekani kwa macho. Ndani ya mche wa ngano mna kemikali inayouambia kama kuna mwanga au giza. Mche ukikulia gizani, kemikali hiyo hujaa tele. Ukimulikwa saa chache tu, hupungua vibaya. Épiphanie alitaka kulithibitisha hilo tena, na kuona kama mche ukirudishwa gizani huanza kuijaza upya. Mashine ya kupimia alikuwa nayo. Waporaji waliiacha kwa kutojua kazi yake.

Stoo ya shule ikawa shamba lake. Latif, fundi cherehani wa mjini, alimshonea pazia jeusi la mlangoni. Tochi aliifunika kwa plastiki ya kijani, rangi isiyoisumbua sana miche.

Jaribio la kwanza lilimvunja moyo. Kati ya trei tano za miche iliyokulia gizani, tatu zilikuwa na kemikali tele, mbili zilikuwa nayo haba. La pili, vivyo hivyo.

"Fundi, pazia lako linavuja," alimwambia Latif.

"Aa, Madame! Ile pazia mi niliiweka kitambaa mbili. Hata jua ya saa sita haipite. Bon, twende tuone."

Wakaingia, wakafunga mlango, wakaketi juu ya magunia. Kwa muda mrefu hawakuona hata vidole vyao. Kisha jua likapanda.

"Madame," Latif alinong'ona, "angalia kule juu. Iko kama nyota."

Lilikuwa tundu la risasi kwenye bati. Mwale mwembamba kama uzi ulishuka ukutani, ukatua juu ya zile trei mbili. Épiphanie aliufuata kwa macho hadi kwenye bati. Stoo ile aliisafisha mwenyewe, akazipaka kuta chokaa, akadhani vita vimekwisha humo.

"Tutafute ngazi," alisema.

Alipanda mwenyewe, akaziba kwa lami. Akapata matundu mengine mawili, akayaziba pia. Kisha akaitupa miche yote.

"Hata ile mizuri?" Latif alishangaa.

"Hata hiyo. Siwezi kuapa kwa kitu nilichokitilia shaka."

Akapanda upya. Siku ya sita alipima: trei zote tano, sawasawa, tele. Moja akaiweka chini ya taa nyekundu, rangi ambayo miche huihisi zaidi. Baada ya saa nne kemikali ilibaki chembe. Akairudisha gizani, akaendelea kupima kwa siku mbili, akilala hapo hapo shuleni. Kemikali ikaanza kurudi, kidogo kidogo, kama alivyotarajia.

Alitoka akiwa na macho mekundu, akamkuta Latif mlangoni.

"Imekubali?"

"Imekubali, fundi."

"Donc, sasa utapumzika."

"Nitapumzika leo," alisema Épiphanie. "Kesho tunaotesha mahindi."