Matanga ya Bi Hamisa

Asadi wa Ufukoni alijiita mjasiriamali asiye na makazi. Makazi anayo: chumba cha uani kwa mama yake, Bi Hamisa, na bando lake linatoka kwenye korosho anazobangua mama huyo. Lakini kwenye simu alikuwa mtu wa dunia. Anapanda bodaboda hadi Msimbati, anaweka kompyuta mchangani, jua linawaka hata kioo hakisomeki, kisha anawaambia wafuasi wake: "Leo ofisi yangu iko kisiwa fulani. Sikitaji, kwa usalama." Mimi nimelala miji mingi kuliko yeye, hapa na ng'ambo ya Ruvuma, wala sikuona sababu ya kukipiga picha kitanda.

Kozi aliyokuwa akiiuza mtandaoni, "Jijengee Jina", ikawa haiuziki. Akaona kasoro ni historia yake, haina machozi. Akarekodi video, akalia kwelikweli: "Mama yangu hayupo tena. Nimejijenga mwenyewe."

Alichosahau ni kwamba hata Mtwara watu wana simu.

Kesho yake asubuhi wanawake wakaja kutoka Naliendele na unga wa muhogo, kuni vichwani, wanalia kuanzia barabarani. Nyuma yao watani, ambao kwetu msibani wana ruhusa ya kumkejeli yeyote na kunyakua chochote. Bi Hamisa akafungua mlango, ufagio mkononi.

"Nani kafa?"

"Wewe, dada," akasema Farida, mdogo wake, kisha akakaa chini puu.

Watani hawakuondoka. Wamefunga safari ya msiba, watarudi vipi bila msiba? Mkubwa wao, Zuberi, akamvua miwani Asadi aliyetoka chumbani, akaivaa, akaketi juu ya kinu na kuipakata kompyuta yake. "Wafuasi wangu, leo niko peponi! Mtandao wa huku unasumbua!"

Hata marehemu alicheka. Kisha akaacha.

"Asadi, mwanangu. Washa hiyo simu, uwaambie wenzako nipo hai. Hapa hapa, nasikia. Sitaki kingine."

Asadi akawasha, akaenda mubashara. Wafuasi wakaingia kwa wingi, na mmoja akaandika swali, Asadi akalisoma kwa sauti: "Huyo mama pembeni yako ni nani?" Bi Hamisa akajitengeneza mtandio, tayari kutambulishwa.

Asadi akajibu: "Huyu ni... jirani. Alinisaidia sana nilipobaki peke yangu."

Zuberi akavua miwani.

Bi Hamisa akaketi mkekani, akajifunika kanga. "Msiondoke, jamani. Unga mmeleta, kuni mmeleta. Mwanangu amekufa."

Farida akaanza, wengine wakampokea, na safari hii kilikuwa kilio hasa. Asadi akatazama simu. Watazamaji wanaongezeka. Akaigeuza kuelekea mkekani.

"Mnaona wenyewe," akanong'ona, "mpaka leo bado wanamlilia mama. Nafasi za kozi zimebaki chache."