Utepe wa Bwana Harusi

Kila asubuhi ya mashindano ya farasi, fundi cherehani alifungua duka lake mapema, akawasha pasi na kunyoosha tepe za washindi. Kazi hiyo ilikuwa ya waamuzi wanagenzi, na mwanagenzi alikuwa yeye peke yake. Nyekundu na njano hazikuwa na neno. Ule wa buluu, wa mshindi wa kwanza, ndio uliomsumbua. Ulijikunja chini ya pasi kama mtoto anayekataa kuogeshwa, ikabidi aushike ncha huku akiukemea kwa upole.

Tabia ya utepe huo ilijulikana na wote. Ukibandikwa kwa farasi asiyestahili, haukai. Kabla farasi hajamaliza kuzunguka uwanja, pini hufunguka, utepe ukateremka mguuni, ukatambaa mchangani na kumpanda yule aliyestahili. Mtunza uwanja aliwaomba watu waangalie wasiukanyage. Mtangazaji naye alijifunza kusoma matokeo haraka, maana kilichohesabika ni kilichotangazwa. Kisha mtu alikwenda kuuchukua, akaukung'uta vumbi, akaurudisha kwa mshindi wa kwenye kipaza sauti.

Mshindi huyo siku zote alikuwa Bwana Harusi, dume jeusi la mkwe wa mwenyekiti wa chama cha mashindano. Aliyefuatwa na utepe alikuwa Bibi, jike la kijivu la baba yake fundi, lililopewa jina hilo kwa kuwa lilitembea kama mtu asiyechelewa popote. Mzee alimwokota akiwa mdogo, miguu imepinda, mwenyewe wa kwanza amemtupa, akamnyoosha kwa bandeji na subira. Sasa wote wawili walikuwa wamechakaa. Daktari wa mifugo alikwisha sema kwamba baada ya msimu huu Bibi asiingie tena uwanjani. Mzee alitaka kitu kimoja tu, asikie jina la Bibi kwenye kipaza sauti, kisha wapumzike wote wawili. Ndiyo maana binti yake akaamua kuwa mwamuzi.

Kanuni ilimkataza mwamuzi kumpima farasi wa ndugu yake. Lakini kanuni hiyo ilikuwa imelegezwa zamani kwa ajili ya mkwe wa mwenyekiti, na tangu hapo hakuna aliyekumbuka kuikaza.

Mtihani aliupita bila taabu. Kwato, mgongo, mwendo, mkao wa mpandaji, vyote alivijua. Kilichomkwamisha ni kukaa kando. Mwanagenzi huketi pembeni ya mwamuzi mkuu, wote wawili wakawatazama farasi wale wale, kisha mwanagenzi akamnong'oneza mkubwa wake jina la mshindi. Majina waliyochagua yakilingana, amefuzu. Yasipolingana, atarudi mashindano yajayo. Fundi alikuwa amerudi mpaka kiti chake kimeota mizizi, na mtunza uwanja alikimwagilia maji pamoja na nyasi.

Mwamuzi mkuu aliitwa Mzee wa Mwavuli, kwa sababu aliufungua hata penye kivuli. Siku moja Bwana Harusi alipita mbele yao akichechemea waziwazi.

"Umemwona nani?" mwamuzi mkuu akauliza.

"Bibi."

Mzee wa Mwavuli aliutazama utepe, ambao siku hiyo haukungoja hata kubandikwa, ukivuka uwanja kuelekea kwa Bibi. "Hata mimi nimemwona Bibi," akasema. "Sote tumemwona. Macho yako hayana shida, mwanangu. Shida ni mdomo."

Fundi alirudi nyumbani amekasirika. Baba yake alikuwa bandani akimchana Bibi mkia. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia awape wanachotaka mara moja tu. Akishavaa beji ya mwamuzi, atasema alichokiona. Fundi hakulipenda shauri hilo, lakini hakuwa na jingine.

Mashindano yaliyofuata alinong'ona, "Bwana Harusi." Neno lilitoka kirahisi, na urahisi huo ndio uliomtisha. Mzee wa Mwavuli alimpa mkono na kumpongeza. Kiti kikang'oka chenyewe ardhini, mizizi ikining'inia, akakibeba hadi kwenye meza ya waamuzi.

Mashindano ya mwisho ya msimu yalikuwa na waamuzi watatu, na mmoja wao alikuwa yeye, beji kifuani. Baba yake alisimama kando ya uzio ameshika hatamu za Bibi akingoja zamu, amevaa koti lake la heshima. Bibi aliingia akatembea, akakimbia, akasimama pale pale alipotakiwa kusimama, masikio mbele. Watu walisogelea uzio kumtazama. Bwana Harusi aliangusha kizuizi na kumwangusha mpandaji wake.

Fundi alisema Bibi, tena kwa sauti. Wenzake wawili wakasema Bwana Harusi, wakamsifu fundi kwa msimamo wake. Mwenyekiti akaja na utepe mkononi, umekunjamana kwa kujinyonganyonga.

"Bahati yetu tumepata mwamuzi ambaye ni fundi," akasema. "Huu ushone."

Kumaliza kazi ya uwanjani ni wajibu wa waamuzi wote, hata aliyeshindwa kura. Fundi alitoa sindano na uzi wa ngozi, akaushona utepe kwenye hatamu za Bwana Harusi. Alitamani mkono wake uharibu, lakini mkono haukujua kushona vibaya.

Bwana Harusi alianza kuzunguka uwanja. Nusu ya njia utepe ukavuta, na kwa kuwa haukuweza kutoka, ukamvuta na farasi wake. Dume lilikokotwa mchangani kwato zikichora mifereji, mpandaji akiwa juu akiomba radhi kwa aliowapita, mpaka likafika ubavuni mwa Bibi. Bibi hakusogea.

Waamuzi wenzake fundi walifungua kitabu cha kanuni. Farasi anayemtoa mwenzake kwenye mzunguko wa ushindi huondolewa uwanjani moja kwa moja. Bibi ndiye aliyefuatwa, kwa hiyo Bibi ndiye aliyemtoa mwenzake. Kutangaza adhabu ilikuwa kazi ya mwamuzi mpya.

Fundi alisimama mbele ya kipaza sauti. Angeweza kukiweka chini na kuondoka. Beji ingebaki mezani, na jina lingesomwa na mwingine. Alimtazama baba yake, naye akaitikia kwa kichwa kumruhusu. Akalisoma jina la Bibi, wazi na polepole, likafika hadi barabarani. Kisha akasoma yaliyobaki.

Alipowafikia baba yake na Bibi kwenye uzio, alimpapasa Bibi shingoni.

"Nimelisikia," baba yake akamwambia. "Sauti imefika vizuri."

Siku hizi fundi huitwa kila penye mashindano, kwa ajili ya mishono yake. Kila Jumapili Bwana Harusi hufika akivutwa na utepe hadi kwenye banda la mzee, akasimama kando ya Bibi. Mzee humpa maji. Baadaye mkwe wa mwenyekiti huja na kamba, hukaribishwa chai, akasema hakai, akamkokota farasi wake nyumbani.

Mkasi hutundikwa ukutani karibu na mlango, lakini mwamuzi haruhusiwi kukata utepe uliokwisha tolewa. Jumapili iliyopita mzee alipitisha kidole juu ya ule mshono kwenye hatamu, akauvuta kidogo kuujaribu.

"Uzi wako haukatiki, mwanangu," akasema.

Fundi alimshukuru, akaingia ndani kuwasha pasi.