Bei ya Mlango wa Mzee Oyugi

Jumanne asubuhi, Akech alipokuwa akianika nguo nyuma ya nyumba kule Naguru, springi ya mlango wa gereji ilikatika kwa mlio kama wa bunduki na mlango ukashuka wote kwa mpigo. Pasi ya makaa iliyokuwa kizingitini ikipoa ndiyo iliyouzuia usifike chini. Ukabaki upenyo wa kupitisha mkono, na Perpétue akabaki ndani.

Gereji haikuwa na gari. Mzee Oyugi, mwenye nyumba, alililaza gari lake uani, na gereji akampangisha Perpétue, mshonaji kutoka Bukavu, aishi humo na cherehani yake. Haikuwa na dirisha, matundu ya hewa tu juu karibu na paa. Mwanawe Gradi, wa miezi mitano, alikuwa nje mkekani akiota jua, chini ya jicho la Akech, mjane aliyekuwa mtumishi wa nyumba ile.

Akech na Obita, askari wa geti, walijaribu kuuinua mlango. Ulikuwa umejipinda kwenye reli zake, haukutikisika. Perpétue hakupiga kelele. Aliomba kikombe. Kikombe kilipita chini kikiwa kitupu, kikarudi na maziwa aliyojikamua, yenye vuguvugu, na Akech akamnywesha mtoto kwa kijiko.

"Mzee, tuukate," Akech alimwambia Mzee Oyugi alipotoka nje.

"Mlango wa Dubai huo, Mama Akech. Haukatwi kama kopo la samli. Si anaongea? Mtu anayeongea hana shida. Ngoja fundi."

Fundi Wamalwa aliletwa na Obita kwa bodaboda. Hakuanza kwa kuutazama mlango. Alitazama ukuta wa mawe, akatazama gari, kisha viatu vya Mzee Oyugi. Halafu akafungua boliti za reli, akazitia mfukoni ili fundi mwingine asiweze kuitwa, ndipo akasema.

"Springi imekufa. Waya umekufa. Hata reli naona inaumwa. Kwa sababu ni wewe, Mzee wangu, laki nane na nusu."

Kaloli sita wakatua ukutani.

Jambo hilo lilikuwa la kawaida mlimani pale Naguru tangu mvua zianze. Ndege hao wa jalalani, wenye kipara na mfuko wa nyama unaoning'inia shingoni, walikuwa wameacha taka za sokoni, sasa wanafuata bei. Alikuja mmoja kwa kila laki iliyozidi bei ya haki, na kwa ulaji mdogo alikuja mdogo. Hawakukosea. Watu waliwatazama jinsi mtu anavyotazama mizani.

"Sita," alisema Mzee Oyugi. "Fundi, unaniona mimi mzungu?"

"Hao wamefuata takataka za jirani, Mzee."

"Jirani yangu hana takataka. Shuka."

Ndege walinuka kama utumbo ulioachwa juani. Walijinyea miguuni, na mavi yakachuruzika ukutani. Akech alikuwa ameshika rozari, lakini hesabu ya sala ilimpotea kwa kinyaa, na si ndege peke yao waliomtia kinyaa.

Wamalwa alishuka hadi laki tano na nusu. Watatu wakaruka. Hapo kikombe cha pili cha maziwa kikatoka chini ya mlango, na kabla Akech hajakifikia, kaloli mmoja aliruka chini, akatumbukiza mdomo wake humo, akanywa. Akech alimtandika ufagio wa mgongo. Ndege hakuondoka, kwa sababu bei ilikuwa haijashuka zaidi.

"Punguzeni basi! Mtoto ana njaa!"

"Mama yangu, hii ni biashara," Wamalwa alimjibu kwa upole.

"Mama Akech, mtoto amekunywa?" Perpétue aliuliza kutoka ndani.

"Bado."

Hakumwambia aliyekunywa ni nani.

Kwenye laki tatu na nusu alibaki mmoja. Alikaa akimtazama Obita. Wamalwa naye akamtazama Obita. Obita akakagua mawingu.

"Huyo si wangu," alisema Wamalwa. "Huyo ni wa aliyenileta."

"Bosi, hata mimi nina watoto," alisema Obita.

"Kawalishe kwingine," alisema Mzee Oyugi.

Basi ikawa laki mbili na nusu, na ukuta ukabaki mtupu. Springi laki na nusu, waya elfu thelathini, kazi elfu sabini: hiyo ndiyo iliyokuwa haki ya mlango ule, na kila aliyesimama uani aliijua.

Mzee Oyugi akainama kwenye upenyo.

"Mama Gradi, fundi amepatikana. Bei yake laki saba na nusu. Mlango umeharibikia mikononi mwako, kwa hiyo ni juu yako. Utalipa pole pole, pamoja na kodi. Kubali, afungue."

Kaloli watano wakatua juu ya gereji, kucha zikakwaruza bati. Obita akacheka puani.

"Papa, mi nasikia miguu huku juu."

"Hao ni wa fundi. Wamechelewa kuondoka."

"Mama Akech, hao ndege biko ngapi?"

Mzee Oyugi aligeuza shingo akamtazama Akech. Chumba alicholala Akech kilikuwa cha Mzee, kitanda pia, na hela aliyowatumia wajukuu wake Siaya ilitoka mfukoni mwa Mzee huyo. Akech akamhamishia mtoto bega la pili.

"Watano," alisema.

"Basi yangu ni laki mbili na nusu," alisema Perpétue.

"Yako ni saba na nusu," alisema Mzee Oyugi bila hasira. "Au fundi aende zake, tutafute mwingine kesho."

Gradi akaanza kulia, kilio cha njaa kile, na mama yake alikijua vizuri kuliko wote waliokuwa nje.

"Fungua, Papa. Nitalipa."

Kazi yenyewe ilikwisha kabla chai ya Mzee haijapoa. Perpétue alitoka na blauzi imelowa kifuani, akampokea mwanawe, akaketi kizingitini akamnyonyesha. Wamalwa alimshukuru kwa uvumilivu wake. Akech alikiosha kile kikombe kwa majivu, akakinusa, akakiosha tena, mwishowe akakitupa.

Jumapili kanisani Lubaga, Mzee Oyugi alikaa benchi la mbele ya Akech. Ulipofika wakati wa kutakiana amani, aligeuka akampa mkono. Akech aliupokea, kwa kuwa Misa inataka hivyo, kisha akaupangusa wake kwenye kitenge.

Wale watano hawakuondoka juu ya bati. Mwisho wa mwezi alikuja Moreen, mteja wa siku nyingi, kushonesha sare ya shule ya binti yake.

"Elfu arobaini," alisema Perpétue bila kuinua macho.

Muhula uliopita ilikuwa ishirini na tano. Kinda la kaloli, bado lina manyoya ya utotoni, likatua kando ya cherehani. Moreen akalitazama, akamtazama Perpétue, akatazama na wale wa juu.

"Iwe tayari Ijumaa," alisema, akafungua pochi.

Perpétue akalisukuma kinda kwa mguu litoke juu ya kitambaa, akaendelea kushona.