Rangi Juu ya Ukungu

Mpaka rangi alishuka ngazi za masjala akiwa amejifunga kitambaa puani, na kopo la rangi hajalifungua. Hilo ndilo lililomshtua Mama Masjala. Harufu ya rangi bado haijatoka, kitambaa cha nini?

"Fundi, una mafua?"

"Sina, mama."

"Mbona umejiziba?"

Fundi akageuka kwanza kutazama mlangoni. "Mazoea tu," akasema, akaanza kukoroga.

Alikuwa mpaka rangi wa tatu katika miaka miwili. Chumba kilikuwa chini ya ardhi, safu kumi na nne za rafu za chuma zilizojaa majalada ya wastaafu. Juu yake, vyoo vya ghorofa ya kwanza. Misimu miwili ya mvua iliyopita bomba la vyoo lilipasuka siku ya Ijumaa, na Jumatatu walikuta maji yamefika magotini. Yalichotwa kwa ndoo, sakafu ikapigwa deki, kazi ikaendelea. Lakini ukuta ulikuwa umeshayanywa. Baada ya wiki chache yakatokea madoa meusi kwenye kona, madogomadogo kama pilipili manga iliyosagwa. Yakaungana. Majalada ya rafu za chini yakaota manyoya ya kijani, na chumba kizima kikanuka kama viatu vilivyovuliwa vikiwa vimelowa.

"Hukwangui kwanza?" Mama Masjala aliuliza.

"Nimeambiwa nipake. Sikuambiwa nikwangue."

"Na nyuma ya makabati?"

"Nimeambiwa jicho la mgeni linapofika." Akashusha sauti. "Mama, mimi natafuta riziki tu. Usiniulize mengi."

Akamaliza kwa saa mbili na kuondoka mbio bila kudai hata chai. Mama Masjala akabaki na ukuta mweupe unaong'aa kama wa harusi, na kikohozi chake.

Kikohozi hicho kilikuwa na mwaka na nusu. Kilianza kama muwasho wa koo, kikashuka kifuani, kikakita. Asubuhi alipofika kazini alikuwa mzima kiasi. Ikifika saa tano, kifua kilimbana kama mtu amemfunga mkanda na kuukaza tundu moja zaidi. Nyumbani mumewe alikuwa amehamia kwenye kochi la sebuleni, akisema mgongo wake unataka mahali pagumu. Hakuwa mtu wa kulala kwenye kochi. Na kazini, siku moja alikuta kikombe chake cha chai kimepakwa alama ya rangi ya kucha kwenye kishikio. Aliuliza nani kapaka. Kila mtu alikuwa na la kufanya mezani pake.

Wote walifikiri neno moja na hakuna aliyelitamka. Hata yeye alilifikiri. Akaenda kupima makohozi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Safi," alisema daktari, binti mdogo mwenye sauti ya taratibu. "Si kifua kikuu. Picha ya kifua inaonyesha mapafu yamevimba, lakini si hicho. Ulipokuwa likizo, ulikohoa?"

Mama Masjala akafikiri. Mwezi wa likizo alikuwa kwa dada yake mkubwa. Siku ya nne alipanda kilima na mtungi wa maji mkononi, dada yake akamtania kwamba kumbe anajifanya mgonjwa akitaka kubembelezwa.

"Kiliacha," akasema. Kisha, polepole: "Jumatatu niliporudi kazini, kikarudi."

Daktari akaweka kalamu chini. "Unafanyia kazi wapi?"

Alimweleza. Maji, ukuta, manyoya ya kijani. Daktari alimsikiliza bila kumkatiza.

"Hiyo ni kuvu. Ukifungua jalada inarusha unga mdogo usiouona, nawe unauvuta. Mapafu yako yameanza kuukataa. Nitakupa dawa ya kuvuta, lakini ukirudi mle kila siku, hiyo dawa ni sawa na kujikinga mvua kwa kiganja. Nakuandikia barua wakuhamishe."

Barua aliipeleka mwenyewe kwa Afisa Utawala, ghorofa ya tatu. Zamani ofisi yake ilikuwa chini, jirani na ngazi za masjala. Alihama wiki ileile bomba lilipopasuka, akasema huko juu simu inashika vizuri. Tangu hapo, akitaka jalada, alisimama mlangoni mwa masjala na kuita. Hakuwahi kuvuka kizingiti. Mama Masjala alidhani ni kiburi cha cheo. Siku hiyo, akiwa amesimama mbele ya meza yake, akaanza kudhani vingine.

Afisa aliisoma barua mara mbili.

"Huyu daktari amekaa masjala lini?"

"Hajakaa, bosi. Nimekaa mimi."

"Mbona wengine hawaumwi?"

"Wengine wepi? Mle tulikuwa wawili. Mwenzangu tumemzika."

Afisa akaikunja barua. "Mzee Gundi aliuliwa na sigara. Kila mtu anajua."

Mama Masjala akashuka ngazi hatua kwa hatua, akijishika ukutani. Alifanya kazi na Mzee Gundi miaka tisa, meza kwa meza. Jina alilipata kwa sababu alikuwa akigundisha majalada yaliyochanika kama mtu anayefunga kidonda. Miaka tisa, na hakuwahi kumwona akiwasha hata kiberiti. Hiyo sigara aliivutia wapi? Na habari hiyo ilianzia kwa nani? Akajaribu kukumbuka siku ya msiba. Aliyeitaja sigara kwanza alikuwa Afisa Utawala, akitoa salamu za ofisi.

Alifungua kabati la majalada ya watumishi, akatoa la Mzee Gundi. Kila karatasi inayoingia jaladani hupewa namba kwa kalamu nyekundu, juu kulia, na yeye ndiye aliyekuwa akizitia. Akahesabu kwa kidole. Hamsini na sita. Hamsini na saba. Sitini na moja.

Akarudia. Sitini na moja.

Hamsini na nane aliikumbuka, ilikuwa barua ya Mzee Gundi akiomba dirisha lifunguliwe, lile lililozibwa walipojenga kibanda cha jenereta. Katika hamsini na tisa alilalamikia ukuta. Katika sitini alisema anatema damu. Alizitia namba kwa mkono wake mwenyewe, na sasa palibaki vipande tu vya karatasi kwenye uzi wa kufungia, vimechanika pembeni. Ufunguo wa kabati lile ulikuwa na nakala mbili tu. Mmoja ulining'inia shingoni mwake.

Tangu siku hiyo hakumwamini mtu. Mpishi wa chai akimsalimia, alijiuliza ametumwa na nani. Simu ikilia na kukatika, alijua anachunguzwa. Akarudi kwa daktari kuomba nakala ya barua, akaificha nyumbani ndani ya foronya. Mumewe alimkuta akiishonea.

"Mke wangu, sasa unaficha karatasi kwenye mto?"

"Karatasi zinapotea."

"Zinapotelea wapi?"

"Kama ningejua, nisingezificha."

Akaandika kwa idara ya ukaguzi wa mahali pa kazi. Hakutarajia jibu, lakini likaja: wakaguzi wangefika Alhamisi. Jibu lilikuja kwake Jumatano alasiri. Afisa Utawala bila shaka alilipata mapema zaidi, kwa sababu tangu Jumanne mafundi walikuwa wakisukuma makabati ya chuma kuyagandamiza kwenye ukuta wenye madoa, wakayakaza kwa bolti. Asubuhi ya Alhamisi akaja mtu na kopo la manukato, akapuliza mpaka chumba kikanukia kama saluni.

Wakaguzi walikuwa watatu, wakiongozwa na bibi mmoja wa miwani aliyeshika ubao wa kuandikia. Afisa Utawala aliwakaribisha kwa bashasha. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, alivuka kizingiti.

"Kama mnavyoona, tumekarabati."

"Sogezeni hilo kabati," alisema Mama Masjala.

"Limefungwa kwa bolti," Afisa akajibu, bado anatabasamu. "Kwa usalama wa watumishi."

"Limefungwa juzi."

Bibi wa miwani akatazama ubao wake. Mama Masjala aliona kalamu imesimama, akajua ikianza tena itaandika maneno ya Afisa. Akauvua ufunguo shingoni, akaenda ukutani pale rangi ilipofanya malengelenge, akakwangua. Rangi ikang'oka kama maganda ya viazi vya kuchemsha. Chini yake palikuwa peusi, pabichi, panateleza. Harufu ikatoka na kuyashinda manukato. Kikohozi kikamkamata hapohapo, akainama akishika rafu, machozi yakamtoka.

Alipoinuka, bibi wa miwani alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, mtandio puani. Macho yao yakakutana. Ameona, Mama Masjala akajiambia. Huyu ameona.

Bibi akaandika, mstari mrefu. Kisha Afisa Utawala akamshika kiwiko kwa adabu, akasema chai iko tayari juu.

Barua ikaja baada ya wiki tatu. Hali ya jengo ilikuwa inaridhisha, isipokuwa uharibifu mdogo wa ukuta uliofanywa na mtumishi. Kwa kuzingatia barua ya daktari, mtumishi huyo alionekana hana afya ya kuendelea na kazi, hivyo anapumzishwa.

"Unaona," Afisa Utawala alimwambia, akimpa kalamu asaini. "Uliwaandikia wakaguzi kwamba barua zinapotea hapa. Yako haikupotea. Tumeizingatia neno kwa neno."

Alipewa siku moja ya kukabidhi. Aliyekuja kuchukua nafasi yake alikuwa msichana aliyezungusha vyeti vyake miaka minne bila kupata kazi, amevaa viatu vipya vinavyomuuma, na alikuwa akitabasamu peke yake. Mama Masjala alimwonyesha rafu, rejista, kalamu nyekundu. Akasubiri mpaka nyayo za ngazini ziliponyamaza.

"Mwanangu, nisikilize. Hiki chumba kinaumiza watu. Nyuma ya makabati hayo kuna ukungu. Mwenzangu alikufa, na mimi unaniona."

Tabasamu la msichana likakauka. Alimtazama Mama Masjala kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayekagua noti.

"Nimeambiwa utaniambia hivyo," akasema.

"Umeambiwa na nani?"

"Shikamoo mama, lakini niache nifanye kazi yangu. Na wewe ulipoipata, hakuna aliyekusimamia mlangoni akikutisha."

Mama Masjala akaweka ufunguo juu ya meza. Hakupata pumzi ya kubishana. Alipofika mlangoni akageuka.

Msichana alikuwa amepiga magoti mbele ya rafu ya chini kabisa, akaanza usafi kwa bidii ya mtu anayetaka asifiwe siku ya kwanza. Akatoa jalada lililofunikwa na unga wa kijani, akaliinua usawa wa uso, akavuta pumzi nyingi mpaka kifua kikajaa, akalipuliza. Unga ukaruka, ukatanda chini ya taa. Akacheka kidogo, akapunga mkono mbele ya pua, kisha akachukua jalada la pili.