Mchezo wa Vyumba Kumi

Muzdalifa hakuwa mtu wa kutoa elfu kumi kwa kitu asichokijaribu. Kwa hivyo alikaa kwenye kiti cha plastiki dukani kwa Mkadam, Kikwajuni, panapouzwa kompyuta zilizotumika, akatia sidii kuukuu ya mchezo kwenye kompyuta mojawapo. Alitaka kitu cha kumchangamsha mama yake, Bi Thuwaiba, ambaye tangu magoti yamkatae hashuki tena ghorofa yao ya Michenzani.

"Mchezo huu si ushapitwa na wakati?"

"Ushapitwa," alisema Mkadam. "Na kompyuta yako je? Mtapatana tu."

Ulikuwa mchezo wa mafumbo. Nyumba ina vyumba kumi, na katika kila chumba unasukuma makabati na masanduku mpaka mlango ufunguke. Picha zilikuwa mbovu, lakini Muzdalifa aliitambua ngazi yenye kidato kilichovunjika, na kabati jekundu la mama yake. Ilikuwa nyumba yao ya Sokomuhogo, ambayo sasa ami yake, Wakil, anaikodisha kwa watalii. Akaendelea kucheza. Alitaka kujua kama mafumbo yenyewe ni magumu.

Chumba cha saba kilikuwa na pazia. Nyuma ya pazia alikaa Bi Thuwaiba, yumo edani, mumewe ana wiki mbili kaburini. Mbele ya pazia alikaa Ami Wakil, shemeji yake, na kofia yake na karatasi zake.

"Ya mita ya umeme hii, shemeji. Tia dole hapa."

Mkono wa Bi Thuwaiba ukatoka chini ya pazia, ukatia dole. Mwanamke aliye edani atakaaje kusoma karatasi na mwanamume si maharimu wake anamngoja pale? Aliona haya, akatia.

Fumbo lilikuwa kusogeza karatasi ya juu. Muzdalifa akaisogeza. Ya chini, yenye dole, ilikuwa ya kumpa Wakil nyumba. Mlango ukafunguka.

Miaka sita Muzdalifa alikuwa akiyasema haya haya, na watu wakimuuliza ushahidi uko wapi. Akampigia simu ami yake. Wakil akaja, maana simu hupokea, hilo tumpe haki yake. Akavaa miwani, akatazama mpaka mwisho.

"Ndivyo hasa ilivyokuwa," akasema. "Hata kofia ni ile ile."

"Basi nyumba utaturudishia, ami?"

"Mwanangu, aliyetia dole nani? Mimi?"

Kisha akamuuliza Mkadam kama ipo nakala ya pili. Mkadam akasema ipo. Loh, mtu yule! Akainunua, akaitia mfukoni, akaaga vizuri kabisa na kurudi zake Sokomuhogo.

Muzdalifa alilia kwa hasira pale pale dukani. Mkadam akampunguzia elfu mbili. Akaichukua sidii, kwani mama yake hakuwa na njia nyengine ya kuingia nyumbani kwake.

Bi Thuwaiba hakuuliza nyumba imeingiaje humo. Alijifunga kanga vizuri, akasema, "Nipandishe taratibu, nna magoti." Chumba cha saba Muzdalifa aliisogeza karatasi upesi, wakapita. Chumba cha kumi kilikuwa juu kabisa, chake mwenyewe, na dirishani alimuona jirani yake Khamisa akianika nguo. Akakaa kitandani mwake mpaka magharibi. Ikawa ndiyo kawaida yao, kila siku baada ya sala ya alasiri, na mama akaanza tena kula.

Wiki ya pili wakakuta chumba cha kumi kimefungwa. Mlangoni pamebandikwa karatasi: kina wageni hadi Jumapili. Ndani maji yalikuwa yanamwagika, na mtu anacheka. Muzdalifa alisukuma makabati yote, akasukuma masanduku yote. Mlango haukufunguka.

"Wageni wa Wakil hao," alisema Bi Thuwaiba. "Wache, mwanangu, utawaudhi watu. Nishushe ukumbini, nitangoja watoke."

Muzdalifa akamshusha, kidato kimoja kimoja, akamtafutia kiti.