Nguruwe Aliyetangulia Sahihi

Nguruwe alikuwa ameshaiva upande mmoja Crisanto Malabanan alipopigiwa simu na bosi wake.

"Chris, lile jambo letu," alisema Keith Pomfret. "Tuliweke kando mpaka mavuno yaishe."

Crisanto aliendelea kuuzungusha mti wa kuchomea. Mkono ulijua kwamba ukisimama tu, ngozi itaungua.

"Bosi, ulisema utasaini Ijumaa. Ijumaa ilikuwa jana."

"Nilisema, sikatai. Lakini matela ya yule mkulima Garrity hayajakwisha, na ngano inamsubiri shambani. Tusikimbizane bwana, wewe ni mtu wa familia. Halafu mchana nakuja kula. Harufu imenifuata mpaka huku!"

Akakata simu.

Kwao Batangas, Ufilipino, mtu akipata jambo jema hulisha watu. Akijifungia nalo ndani ataitwa mchoyo mpaka azeeke. Kwa hiyo Pomfret alipotamka tu kwamba Ijumaa atasaini makaratasi ya ukaazi wa kudumu, Crisanto alimwambia mkewe Liwayway, Liwayway akamwambia mama yake, na kumwambia mama yule ni sawa na kupanda mnara wa kanisa ukapiga kengele. Batangas wakachinja. Na huku, katika mji mdogo wa ngano magharibi mwa Australia, Wafilipino wote wakaalikwa, na wazungu waliowaoa, na wateja wa karakana ya Pomfret. Hakuna aliyeuliza sahihi iko wapi. Watu wengine husubiri wino ukauke. Hawa walichinja waliposikia kalamu imetajwa.

"Nani huyo amekununisha?" aliuliza dada Mila, muuguzi wa nyumba ya wazee, aliyekuwa akikatakata vitunguu vya kutia kwenye siki.

"Bosi. Anasema tusubiri mavuno."

Kisu kikasimama. "Mavuno yapi tena? Mwaka jana si walivuna? Akasema Pasaka. Pasaka ikafika, akasema mkewe anaumwa mgongo. Mgongo wa mke wa mtu unahusiana nini na viza yako?"

"Taratibu dada, watu watasikia."

"Wasikie! Au tuwapigie simu wasije?"

"Na huyu je?" Crisanto alimwelekezea nguruwe midomo, kama watu wa kwao wanavyoonyesha kitu.

Mila akamtazama nguruwe. Akashika kisu, akaendelea na vitunguu, safari hii kwa hasira.

Viza ile ilimfunga Crisanto kwa Pomfret kama mbuzi kwenye kigingi. Kwenye makaratasi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kweli matela aliyoyaunganisha hayakuwahi kurudishwa na mteja. Lakini kalamu ya Pomfret ilimfanya pia kuwa mkata majani, mpakaji rangi wa uzio wa mama mkwe wa bosi, na mchoma nguruwe wa harusi ya binti yake. Siku ile ya harusi Pomfret alimzungusha meza kwa meza, "Huyu nimemleta mwenyewe," kama mtu anayeonyesha trekta jipya. Crisanto akatabasamu mpaka mashavu yakauma. Alikuwa akiitabasamia sahihi. Sahihi ikipatikana, Liwayway na mtoto wangekuja. Mtoto mwenyewe alijifunza kutembea ndani ya simu, na akiulizwa baba yuko wapi, huonyesha chaja.

Mchana watu walifika. Majani ya migomba yakatandazwa mezani, wali ukamwagwa, mashine ya karaoke ikaanza kupiga kelele. Pomfret alikuja na kofia yake pana, akakaa penye kivuli kizuri, akapewa ngozi ya kwanza, ile inayolia krap mdomoni.

Kaka Berto, mchinjaji, ambaye hakuwa na habari ya simu ya asubuhi, akanyanyua bilauri. "Bwana Pomfret! Asante kwa kumsainia ndugu yetu!"

Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja akaanza kulia kabisa.

Na Pomfret akainuka. Akavua kofia, akainama. "Ni jambo dogo tu," akasema. "Kijana anastahili."

Crisanto akakiweka chini kisu cha kukatia nyama. Kucheleweshwa alikuwa amekuzoea. Lakini mtu kula ngozi yako, kisha akala na shukrani za sahihi ambayo hajaitia!

Akamwendea, akachuchumaa karibu na kiti chake. "Bosi, hizo asante unazipokea za nini?"

"Usiniharibie chakula, Chris."

"Basi saini. Makaratasi yamo ndani ya nyumba. Ni dakika moja."

Pomfret alitafuna, akameza, akashusha sauti. Mafuta yalikuwa yanang'aa kidevuni. "Nikwambie ukweli? Nikisaini utaondoka. Wa kabla yako aliondoka. Ukiwa hivi ulivyo, nina hakika Jumatatu asubuhi nitakukuta karakana."

Crisanto akasimama. Akaenda kwenye karaoke, akamnyang'anya Berto kipaza sauti katikati ya wimbo wa mapenzi.

"Ndugu zangu, samahanini, nimewaalika kwenye jambo ambalo halipo. Bosi wangu hajasaini. Anaogopa nikipata karatasi nitaondoka." Akamgeukia Pomfret. "Mimi sipendi bosi wangu aishi na hofu. Kwa hiyo naondoka bila karatasi. Karamu hii sasa ni ya kuniaga. Nguruwe ni yuleyule, kuleni!"

Mashine pekee ndiyo iliyoendelea kupiga vinanda vyake.

"Umerukwa na akili?" Pomfret alifoka. "Viza yako ni mimi!"

"Ndiyo maana naivua." Crisanto akafungua vifungo vya shati la kazi lenye jina la Pomfret kifuani, akabaki na fulana, akalikunja shati vizuri, akaliweka mapajani mwa bosi. "Sheria inanipa miezi ya kutafuta mdhamini mwingine. Nikimkosa, nitarudi kwetu mwanangu anishike uso."

Garrity, mkulima, akaacha kula. "Na matela yangu je?"

"Muulize mwenye kalamu."

"Keith," Garrity akamgeukia, "wewe si ulinambia huyu ni familia?"

Macho yote yakamwangukia Pomfret. "Basi, basi! Nitasaini Jumatatu."

Dada Mila alishafika mbele yake, makaratasi mkono mmoja, kalamu mkono mwingine. Pomfret aliitazama kalamu kama mtu aliyeletewa nge.

"Mimi sisaini kwa kulazimishwa," akasema. Akavaa kofia, akabeba sahani yake iliyojaa nyama, akaelekea kwenye gari.

"We baba!" Mila akamfuata mbio. "Hiyo sahani ni yangu!" Akamnyang'anya, nyama na vyote.

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Crisanto hakucheka. Akaegemea meza, na Garrity akamsogezea kiti.

Kisha Crisanto akampigia simu Liwayway. Nyuma yake zilisikika kelele za karamu ya Batangas. Alimweleza yote.

"Umelivua shati mbele ya watu?" aliuliza mkewe.

"Mbele ya watu."

"Ulichelewa," akasema, akivuta kamasi. "Sasa mama nimwambie nini?"

"Mwambie apande tena mnarani. Atangaze nguruwe alikuwa mtamu, na mumeo anatafuta kazi."