Zamu ya Bahizi

Umewahi kusema "Amina" huku moyo wako unasema hapana? Mimi mukecuru, bibi kizee, nimesema, mbele ya kanisa zima hapa Gisenyi.

Mjukuu wangu Gentil nilimlea tangu mama yake alipofariki, akiwa bado ananyonya. Akawa mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wavu unashuka katikati, na kila mtu ana nafasi yake. Ijumaa ile ya mwisho zamu ya usiku haikuwa yake, ilikuwa ya rafiki yake Bahizi. Ila mtoto wa Bahizi alikuwa abatizwe kesho yake asubuhi.

"Mukecuru, naenda kumushikia Bahizi nafasi," Gentil akaniambia, anachota viazi vitamu na maharage amesimama.

"Ikala chini. Mutu anakula amesimama kama punda?"

"Punda yako itakuletea samaki," akacheka. Akavaa sweta yake ya bluu, ile niliyoshona kiwiko kwa uzi wa kijani kwa sababu wa bluu uliniishia.

Usiku ule upepo ulishuka ghafla ziwani, miti iliyofunga mitumbwi ikavunjika. Wenzake waliogelea wakafika ufukoni. Yeye, mpaka leo ziwa halijamtoa.

Majirani wakaja kukaa nami kwenye kilio. Kila aliyeingia alisema, "Vumilia, Mungu ndiye anatawala." Mimi nawapa chai, najibu Amina. Verediane wa kwaya akasema imani yangu ni ngumu kama jiwe la volkano. Hakujua kwamba shuka la Gentil sijalifua, nalikunja tu na kulikunjua.

Jumapili ya pili, wakati wa ushuhuda, Bahizi akasimama.

"Namushukuru Mungu. Ile siku mi ndiye ningekuwa mule. Mungu aliniokoa."

Watu wakapiga makofi. Halafu wakakumbuka kwamba niko benchi la tatu, na makofi yakazimika moja moja. Wote wakanitazama. Nikasema Amina. Lakini nikajiuliza, kama Bahizi Mungu alimwokoa, basi Gentil alimwacha?

Mchana Bahizi akaja na beseni ya sambaza. Hakuingia, alipiga magoti mlangoni.

"Mukecuru, nilikosa. Nilisema nikamaliza, ndio nikakuona."

"Hukukosa kushukuru. Uko na mutoto. Ingia."

"Unifukuze tu."

"Nikufukuze, hii sambaza nitakula na nani?"

Nikamketisha kwenye kigoda cha Gentil, mimi nikakaa kwenye mkeka, nikaanza kuchambua samaki, nikitoa majani na vijiwe. Bahizi akalia bila sauti. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyeniuliza katika siku zote zile.

"Mukecuru, we ulikuwa unamuomba Mungu nini juu yake?"

Nilichambua mpaka mkono ukagusa chini ya beseni.

"Anatawala," nikamwambia. "Sibishani naye. Kesho asubuhi nitapiga magoti tena, maana sina mwingine wa kumwendea. Lakini miaka ishirini na tatu nimemwomba jambo moja, na hata Gentil sikumwambia."

Bahizi akainua uso.

"Nilitaka yeye ndiye anizike."